Kigoma: Msimamizi wa chuo kakaa dakika 40 nyuma ya darasa, mwanafunzi kaondoka na A. Hapo kimepimwa nini?

MwalimuWaZamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina dukuduku kuhusu hawa vijana wa vyuo vikuu wanaoletwa kwetu kufanya mazoezi ya kufundisha, hasa kuhusu namna vyuo vyao vinavyojua kama wamejifunza kitu au hawakujifunza.

Mimi ni mwalimu wa taaluma kwenye sekondari moja hapa Kigoma Ujiji. Barua zao za fildi nazipokea mimi, vipindi nawapangia mimi, na darasa likiwashinda watoto wanakuja kulalamika kwangu. Kwa hiyo nawaona wiki zote, tofauti na mgeni anayekuja mara moja.

Safari hii tulikuwa na kijana wa fizikia. GPA yake, yaani wastani wa alama zake za chuo, aliitaja mwenyewe siku ya kuripoti, hakuna aliyemuuliza: 4.2. Mpole, nadhifu, andalio la somo limepigwa mistari kwa rula. Chuo anakotoka sikitaji, maana angetoka kingine hadithi ingekuwa hiihii. Msimamizi wake alishuka kwenye bajaji asubuhi na begi lake mkononi. Mchana alikuwa na shule nyingine Ujiji, kesho yake anatakiwa Kasulu. Kijana akaingia kidato cha pili na kanuni ya kwanza ya Newton. Somo hilo, tusidanganyane, alishalifundisha mkondo uleule wiki iliyotangulia. Watoto walijua wanyooshe mikono wapi na wacheke wapi.

Katikati ya kipindi mtoto mmoja wa Katonga, baba yake mvuvi, akauliza swali ambalo halikuwemo kwenye maandalizi. Tena kwa Kiswahili, kasahau kama kipindi ni cha Kiingereza: "Mwalimu, umesema kitu kikishaenda kinaendelea kwenda mpaka kisimamishwe. Mbona boti tukizima mashine inasimama yenyewe na hakuna aliyeishika?"

Nilikuwa dirishani. Nikasema haya, fizikia yenyewe ndiyo hiyo sasa imeingia darasani. Kijana akatabasamu: "Swali zuri sana, tutaliona kipindi kijacho. Mpigieni makofi." Makofi yakapigwa. Msimamizi akaandika kitu.

Fomu niliiona baadaye kwa sababu ilihitaji muhuri wa shule. Andalio, matumizi ya ubao, sauti, mavazi, zana, ushirikishaji. Kwenye kuitikia maswali ya wanafunzi kapewa 4 kati ya 5. Jumla ni A.

Kipindi kijacho kilifika, boti haikuguswa. Nikamwita kijana pembeni, nikamuuliza taratibu: hivi ile boti inasimamishwa na nini? Akanitajia kanuni ya Newton neno kwa neno, Kiingereza kimenyooka. Boti yenyewe hakuisogelea.

Simchukii kijana. Miaka mitatu wamempima kwa testi, asaimenti na UE (mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula), na kila walipompima alifaulu. Kwenye makaratasi mfumo wetu umepangika. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanataka shahada ya miaka mitatu iwe na krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Vyuo vingi alama za muhula ni 40 na UE ni 60. Ukifika 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 ni la pili la juu. Lakini saa zinaonyesha alikaa muda gani, na GPA inaonyesha alifanyaje siku ya mtihani. Alikuja chuoni anajua nini na anaondoka anajua nini, hesabu hiyo sijaona anayeipiga.

Mazoezi ya kufundisha ndiyo nafasi pekee ambapo chuo kinaweza kumwona mtu wake akifanya kazi ile aliyosomea. Halafu nafasi hiyo inatumika kwa dakika 40! Rai yangu ni kwamba mwalimu mwenyeji, anayekaa na kijana wiki zote, alama zake zihesabiwe. Kwa hawa ninaowapokea mimi, kazi yangu ni kugonga muhuri tu.

Nawasilisha.

---

Dagaa Kauzu

"Anayejua anyooshe mkono wa kulia, asiyejua wa kushoto." Mwalimu wetu wa fildi alitupanga hivyo, mgeni akaondoka anaamini mwisho wa reli ndiko vipaji vinakozaliwa 😂😂

---

Kalamu ya Risasi

Mwalimu umeandika vizuri ila ngoja nikupinge.

Tukupe hizo alama, utazitumiaje? Kijana kakaa kwako, kakusahihishia madaftari ya mikondo yote, kakushikia zamu ukaenda msibani. Wote watapata 90. Na yule atakayekataa kubebeshwa vipindi vyako atapata 45 na maelezo kwamba "hana ushirikiano". Nimesoma, nimeyaona. Huyo wa dakika 40 angalau hana undugu wala deni na mtu.

---

MwalimuWaZamu

Kalamu, hofu yako ina msingi na sitaipinga. Lakini angalia unachokisema: tumchague asiyejua chochote kwa sababu anayejua anaweza kupendelea. Mimi nasema tuwape wote wawili sehemu, na ninachoandika mimi kiwe na ushahidi. Swali gani liliulizwa, alijibu nini, wiki ya tano alifanya nini ambacho wiki ya kwanza kilimshinda. Nikimpa mtu 90 bila mfano hata mmoja, ifutwe.

---

Mkwaju wa Unyanyembe

Niko Tabora, nafundisha chuo kikuu, upande wa ualimu. Mwalimu umetuvua nguo hadharani, lakini ngoja niwaeleze jikoni kulivyo.

Kwanza dakika 40. Msimamizi anapewa eneo na siku za posho. Akipangiwa Kigoma ana vijana mjini, ana wengine Uvinza, wengine Kasulu, Kibondo mpaka Kakonko, na posho inakwisha tarehe fulani. Dakika 40 zimetoka kwa mhasibu. Msitafute nadharia ya elimu humo.

Pili mitihani, na hapa ndipo pananiuma. Kila kozi ina matokeo tarajiwa, yameandikwa na yamepitishwa: mwanafunzi ataweza kuchambua, kutathmini, kubuni. Vitenzi hivyo vimetoka kwenye ngazi za kufikiri za Benjamin Bloom na wenzake, Marekani, 1956, na hakuna mtaala unaopita bila hivyo. Sasa njoo wakati wa kutunga UE. Darasa ni mamia ya watu. Tarehe ya kuingiza alama kwenye mfumo imeshatangazwa. Nikiuliza "buni kipindi kwa darasa la watoto 90 lisilo na vitabu kisha utetee uamuzi wako", kila kitabu nitakisoma kwa nusu saa. Nikiuliza "taja na ueleze sababu tano", nasahihisha huku nakunywa chai. Mkuu wa idara hanidai uchambuzi, ananidai alama. Kwa hiyo mtaala unaahidi kubuni, na mtihani unapima kinachosahihishika.

Mtaniuliza, mtahini wa nje yuko wapi? Yupo. Ni desturi ya zamani. Chuo cha Durham kule Uingereza, kilichoanzishwa 1832, kiliazima watahini kutoka Oxford ili watu waziamini shahada zake. Kwetu ilikuja na mizizi yake kabisa. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na shahada zilikuwa za London. Leo mtahini wa nje anafungua sampuli ya vitabu, anaangalia kama nimetoa alama kwa haki. Akimaliza anathibitisha kwamba 68 niliyotoa ni 68 kweli. Maswali nayo anayasoma, na wapo wanaoandika maoni makali, ila wakati huo yameshafanywa na watu wako kwenye mabasi wanarudi makwao.

Kwa hiyo Mwalimu, A ya kijana wako ni A halali kabisa. Tatizo ni ya nini.

---

Bint Ujiji

Mimi ndo huyo mnayemjadili, niko mwaka wa tatu, nimerudi nyumbani likizo.

Wakubwa zangu nisiwafiche. UE hatuisomi kozi, tunamsoma lekchara. Tunakusanya mitihani yake ya nyuma, tunaangalia swali gani limerudi, gani halijatoka muda mrefu. Desa (notsi za kukariri) linapigwa kopi, msuli wiki mbili, mtu anaingia anamwaga, anatoka. Ukiniuliza mwezi unaofuata nakuangalia tu. Na siyo uvivu. Kozi saba kwa muhula, boom (hela ya mkopo) limechelewa, sapu (mtihani wa marudio) inakunyemelea, utasoma ili uelewe saa ngapi?

Halafu kuna ile fomu ya kutathmini kozi. Chuoni kwetu mfumo haukufungulii matokeo mpaka ujaze. Lekchara alifika kwa wakati? Alieleweka? Watu tunabonyeza 5, 5, 5 mpaka chini, hata hatusomi, ili tuone kama tumesapu. Nasikia hiyo nayo inaandikwa kwenye ripoti kama ushahidi wa ubora 🙈

---

Mkwaju wa Unyanyembe

Mdogo wangu Bint Ujiji, inaandikwa. Na mimi nina 4.8.

---

Newton wa Gungu

Shikamooni wakubwa. Mie nafundisha fizikia, nimeishika hiyo boti.

Mtoto wa Katonga kauliza swali ambalo wanafizikia wamelifanyia kazi miaka mingi. 1992 David Hestenes na wenzake wawili kule Arizona walichapisha jaribio la maswali ya kuchagua, halina kukokotoa hata kidogo. Mpira umerushwa juu, ukiwa hewani unasukumwa na nini? Lori limegongana na gari dogo, nani kamsukuma mwenzake zaidi? Majibu ya uongo yametungwa kutokana na yale watu wanayoamini mitaani. Wanafunzi waliokuwa wanakokotoa vizuri, wenye alama nzuri, walikuwa wanayachagua hayohayo ya mitaani.

Kilichonifurahisha mimi ni matumizi yake. Jaribio lilelile linatolewa siku ya kwanza ya kozi, na linarudiwa mwishoni. Hapo unaona mtu kasogea kiasi gani. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya kozi 62 za sekondari na vyuo, wanafunzi zaidi ya 6,000. Akapiga hesabu: kati ya vile ambavyo darasa halikuvijua mwanzoni, limepata sehemu gani? Madarasa ya mhadhara mtupu, mwalimu anasema wao wanaandika, wastani ulikuwa asilimia 23. Madarasa ambayo watu wanabishana na kujaribu, asilimia 48.

Gharama yake ni karatasi chache tu. Kwa nini kozi zetu haziingii na jaribio na kutoka nalo, mimi sijui mtu anaogopa nini. Au najua.

(Boti inasimamishwa na maji, jamani. Yanaikinza. Ingekuwa haina cha kuikinza ingefika Kongo na mashine imezimwa.)

---

Kalamu ya Risasi

Newton, fizikia ni rahisi, mpira uko wazi. Nipimie historia. Nipimie sheria. Nipimie "maendeleo ya jamii".

---

Wakili wa Isevya

Sheria hiyo nakupimia, mkuu. Oktoba 2022 matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo yalitoka: watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, waliofeli 265. Wote hao wana shahada za sheria, tena wapo wenye madaraja ya juu. Nchi ilitikisika, Waziri akaunda kamati chini ya Dkt. Mwakyembe.

Watu waligawanyika palepale. Wengine wakasema vyuo vinagawa shahada, wengine wakasema Shule inakaba. Mimi naona wote walikimbilia kutafuta mchawi. Cha kuangalia ni kwamba vipimo viwili vya watu walewale vilitofautiana namna ile, na kabla ya hapo hakuna aliyekuwa ameviweka pamoja akalinganisha. Wahasibu nao wana mitihani ya bodi yao, NBAA, nje ya chuo. Siku hizi hata walimu wanafanyiwa usaili wa kuandika kabla ya ajira. Nchi nzima inapima upya kile ambacho chuo kimeshapima, na majibu hayarudi chuoni kwa mtu aliyetunga ile UE.

---

Nesi wa Ziwani

Habari zenu. Kwa upande wetu wa afya tunacho kitu kinaitwa oski. Kilianzishwa na Ronald Harden huko Dundee, Scotland, kikachapishwa 1975, na malalamiko yake yalikuwa kama ya Mwalimu hapo juu: zamani daktari mwanafunzi alipimwa kwa mgonjwa mmoja na mtahini mmoja, ukiangukia mgonjwa mgumu na mtahini aliyeamka vibaya umekwisha.

Kwenye oski vinapangwa vituo, kengele ikilia unahama. Hapa pima presha, pale mweleze mama aliyepoteza mimba, kule kuna mdoli, mfanyie huduma ya kwanza. Kila kituo na mtahini wake, kila mtahini na orodha yake ya kuweka tiki. Mmoja akikuonea, kituo kinachofuata hakujui.

Msidhani ndiyo pepo. Wanafunzi wameshaisoma ile orodha. Anaingia kwa mgonjwa anatangaza kwa sauti "nimenawa mikono", hajagusa maji, tiki inawekwa. Na yule mama wa kuigiza anaambiwa "pole sana mama, naelewa unavyojisikia" na mtu anayeangalia saa ya ukutani. Tiki. Kwa hiyo tunampima zaidi wodini, kwenye kitabu chake cha mazoezi. Muuguzi wa zamu anasaini kila kitu alichokifanya, mara ngapi, na nani alimwona. Hicho ndicho Mwalimu anakitafuta, na kwetu kipo.

Kalamu atauliza kama hatupendeleani kwenye kusaini. Tunapendeleana. Lakini saini zikiwa za watu wengi wa zamu tofauti, anayependelewa na wote inabidi awe kweli anajua kazi, au awe mzuri mno wa maneno.

---

Dagaa Kauzu

Wavu haupimwi ukiwa umeanikwa. Nimepita tu.

---

Kijana wa Mji Mwema

Mnazungumzia UE, mmesahau zile 40 za muhula. Asaimenti siku hizi inaandikwa na ChatGPT, mwanafunzi anabadilisha jina, lekchara anaipeleka kwenye programu ya kukagua wizi, inarudi safi. Nani kasoma hapo? Grupu la watu 12, kaandika mmoja, naye hakuandika.

---

Mkwaju wa Unyanyembe

Kijana, hilo limetushika kooni. Mimi nimeanza kuwaita watu kwa kushtukiza: njoo, hii kazi yako, aya ya tatu una maana gani? Dakika tano tu unajua yote. Aliyeandika mwenyewe hata kama kakosea anabishana na mimi. Ambaye hakuandika ananiambia "naam". Lakini kwa mamia ya watu sifiki popote, nawaita wachache, na wasioitwa wanashukuru Mungu.

Kuhusu kupima mtu akiingia na akitoka, kuna nchi nzima imeshajaribu. Brazil walianzisha mtihani wa taifa kwa wanavyuo, ENADE, mwaka 2004, wakawatahini wa mwaka wa kwanza na wa mwisho wa programu ileile ili waone tofauti. Shida ni kwamba alama haikuingia kwenye matokeo ya mwanafunzi. Wapo waliogoma, wakarudisha karatasi tupu. Na Marekani Richard Arum na Josipa Roksa walitoa matokeo yao 2011, wanafunzi zaidi ya 2,300 wa vyuo 24: asilimia 45 hawakuonyesha kusogea kwa maana kwenye kufikiri na kuandika baada ya miaka miwili. Wenzao wakawajibu kwamba mtihani wenyewe haukuwa na faida kwa mtu, kwa hiyo nani alijituma? Ndiyo maana naogopa mtihani wa taifa hapa kwetu. Ukiwa hauna uzito watu watauchezea, ukiwa na uzito Bint Ujiji na wenzake watautafutia desa.

Fomu ya kina Mwalimu na kitabu cha Nesi naviamini zaidi, kwa sababu kudesa wiki nane za kazi mbele ya watoto 90 ni kazi kuliko kuijua kazi yenyewe.

---

Bint Ujiji

Mwl. Mkwaju naomba nisiitwe kwa kushtukiza 😭

---

Kalamu ya Risasi

Sawa, nimelegea kidogo. Ila mnazunguka jambo moja. Mwalimu mwenyeji ana vipindi vyake vya wiki, ana zamu, ana watoto wa mitihani ya taifa. Mnataka akae nyuma ya darasa, aandike swali na jibu, wiki zote. Kwa mshahara upi? Msimamizi wa chuo analipwa posho kwa siku mbili, huyu wa wiki nane analipwa na nani, na fungu gani?

---

MwalimuWaZamu

Hapo umeuliza la maana kuliko yote, Kalamu.

Sitaki kukaa nyuma ya darasa kila siku, nitakufa. Nataka vipindi vitatu kwenye kipindi chote: wiki ya mwanzo, katikati na ya mwisho, bila kumwambia ni lini. Daftari la kawaida, ukurasa mmoja kwa kila kipindi, maswali ya watoto na majibu yake tu. Mavazi na sauti tuwaachie chuo. Mwalimu wa somo anaandika, mimi nasaini, chuo kikija kinasoma kabla ya kuingia darasani. Msimamizi wa safari hii angekuta swali la boti limeandikwa humo, angemuuliza kijana mwenyewe, na zile dakika 40 zingetosha.

Posho, vyuo vingine msimamizi anakuja mara mbili. Safari ya pili ifutwe, nauli na malazi yake vigawiwe shule. Mwl. Mkwaju, hilo linawezekana au nimeota?

---

Mkwaju wa Unyanyembe

Fedha ziko kwenye kasma ya safari, kuzihamisha kwenda shule ya serikali kuna barua nyingi kupita Halmashauri. Haliwezekani muhula huu. Ila daftari halihitaji kasma. Nina kikao cha idara kabla ya vijana wa awamu ijayo kuondoka. Nitumie PM mfano wa ukurasa mmoja, ule wa boti, futa jina la kijana na la shule.

---

MwalimuWaZamu

Umeingia PM. Mwandiko wangu mbaya, uvumilie.

---

Newton wa Gungu

Na yule mtoto wa Katonga kajibiwa na nani?

---

MwalimuWaZamu

Bado. Jumanne uje uchukue kipindi, nakupangia cha tatu.